KEMIA YA SAKAFU YA MBAO: KUPAUSHA BILA KUANGAMIZA

Utangulizi

Mtu anayetembea katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kutoka Kivukoni hadi Mnazi Mmoja, akiinua macho juu ya mabango ya maduka ataona kwamba zimesalia bado nyumba kongwe zenye duka chini na makazi juu. Katika baadhi ya nyumba hizo, apandaye ngazi hukanyaga mbao zilizolazwa juu ya maboriti miaka mingi kabla ya yeye kuzaliwa. Akivuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, mambo hubadilika. Nyumba za Kiswahili zilizojaa mitaa ile zamani, vyumba vitatu huku na vitatu huku na ukumbi katikati, zilikuwa na sakafu ya udongo na baadaye saruji. Na nyingi zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa ya zege na vigae. Hata hivyo, ni Kariakoo na Gerezani ndiko mwenye nyumba ya mbao aendako kununua msasa, vanishi, kostiki soda, asidi na dawa za kila namna za kuondolea madoa. Sakafu iko mjini, dawa iko Kariakoo, na katikati yuko fundi.

Makala haya yamezaliwa na ajali. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari alirithi makazi ya ghorofa ya pili katika nyumba ya namna hiyo. Sakafu yake ni ya mvule, na ilikuwa imekuwa nyeusi kwa umri, moshi na tabaka za vanishi. Jengo refu lilipoinuka upande wa pili wa uchochoro, mwanga ukapungua mno, hata watoto wakawa wanasomea taa saa sita mchana. Rafiki yangu akaamua kuifanya sakafu iwe nyeupe. Mafundi wawili wakafunga madirisha ili vumbi la barabarani lisiingie, wakachanganya katika ndoo moja dawa ya kufulia nguo nyeupe na asidi ya kusafishia vigae, kisha wakapiga magoti na kuanza kusugua. Fundi mkubwa aliuita mchanganyiko ule "mkorogo", kwa neno lile lile litumikalo kwa dawa za kujichubua ngozi. Haukupita muda, wote wawili walitolewa nje wakikohoa na kutokwa machozi, na mmoja akalazwa hospitali siku kadhaa.

Nilipokwenda kumjulia hali, mzee yule aliniuliza: "Mwalimu, dawa ya nguo nimeitumia miaka yote, haikunidhuru. Asidi nayo nimeitumia, haikunidhuru. Imekuwaje zikikutana ziniue?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Katika makala haya tutajaribu kulijibu, na kwa njia hiyo tutajifunza rangi ya mbao hutoka wapi, huondolewaje, na ni wakati gani haifai kuondolewa. Kazi ya kuondoa rangi kwa kemikali tutaiita kupausha. Kemia inayohitajika ni ile ya kidato cha tatu na cha nne.

Rangi ya mbao hutoka wapi?

Ubao mkavu umejengwa kwa vitu vitatu vikuu. Cha kwanza ni selulosi, ambayo huchukua kati ya sehemu 40 na 50 katika kila 100 za uzito wa ubao. Ni nyuzi zile zile zifanyazo pamba, nazo hazina rangi. Cha pili ni hemiselulosi, jamaa ya selulosi, nayo pia haina rangi ya kutajwa. Cha tatu ni lignini, ambayo kwa kawaida ni kati ya sehemu 20 na 30 kwa 100. Lignini hushika nyuzi pamoja kama saruji ishikavyo kokoto, nayo ina umanjano na ukahawia kidogo.

Zaidi ya hivyo vitatu, kila mti una akiba yake ya vitu vidogo vidogo ambavyo huwekwa hasa katika kiini cha shina: tanini, gundi, mafuta na rangi za asili. Kwa uzito ni vichache, lakini ndivyo vinavyotofautisha mti na mti. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mvule mbichi ni wa manjano, kisha hugeuka kahawia ukikaa mwangani. Mpingo kiini chake ni cheusi. Na msonobari wa Sao Hill, usio na rangi nyingi za namna hiyo, hubaki mweupe-manjano. Magome ya mikoko ya Rufiji yana tanini nyingi kiasi kwamba zamani yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi za wanyama.

Kwa nini molekuli moja iwe na rangi na nyingine isiwe nayo? Jicho letu huona mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Molekuli huwa na rangi ikiwa elektroni zake zinaweza kumeza sehemu ya mwanga huo. Sehemu isiyomezwa ndiyo inayorudi machoni petu. Katika rangi za mbao, kazi hiyo hufanywa na mfululizo wa viungo maradufu vya kaboni vinavyopishana na viungo vya kawaida, mara nyingi pamoja na oksijeni. Mfululizo ukiwa mrefu, elektroni huwa na nafasi pana ya kutembea, na molekuli humeza mwanga tunaouona. Mfululizo ukikatwa, molekuli haiondoki mahali pake, ila inaacha kumeza mwanga huo. Rangi imetoweka, ingawa mabaki yake bado yamo ubaoni.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka. Kusafisha ni kuondoa uchafu uliokuja juu ya ubao. Kupausha ni kuvunja rangi iliyo ya ubao wenyewe. Mtu asianze la pili kabla hajamaliza la kwanza, kwa sababu mara nyingi weusi anaoulalamikia ni vanishi iliyozeeka, nta na masizi tu.

Vitu vinavyobadili rangi ya sakafu

Mwanga wa jua, hasa miali isiyoonekana iliyo ng'ambo ya zambarau, huvunja lignini na kutengeneza molekuli mpya zenye rangi. Ndiyo maana msonobari hugeuka manjano. Mbao nyingine zenye rangi nzito hufifia kwa mwanga huo huo. Inua mkeka uliolala mahali pamoja miaka mingi utaona umbo lake limeandikwa sakafuni.

Chuma huleta weusi wa namna nyingine. Msumari unapopata unyevu hutoa ayoni za chuma, nazo zikikutana na tanini hufanya kitu cheusi chenye ubuluu. Kitu hicho si kigeni: kwa karne nyingi watu wa Ulaya na Asia walitengeneza wino kwa tanini na chumvi ya chuma. Doa jeusi linalouzunguka msumari au lililo chini ya dirisha livujalo ni wino uliotengenezwa na sakafu yenyewe.

Alkali nayo hutia weusi mbao zenye tanini nyingi. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliona sakafu za Skandinavia zilizo nyeupe kama unga wa muhogo. Watu wa huko huosha mbao za msonobari kwa maji ya alkali na sabuni, na kwa mbao zao hufaa. Lakini aliyesoma jambo hilo kitabuni na kulifanya katika mbao zenye tanini nyingi atashangaa kuona sakafu yake inazidi kuwa nyeusi. Alkali ni ile ile, ila mti si ule ule.

Dawa tatu na kazi tatu

Katika maduka zipo dawa nyingi zenye majina mengi, lakini kwa mkemia nyingi kati yake ni aina tatu tu. Kosa kubwa la mafundi wetu ni kudhani kwamba zinafanya kazi moja na kwamba zikiunganishwa nguvu huongezeka.

(a) Sodiamu haipokloraiti. Hii ndiyo dawa ya nguo nyeupe ambayo mitaani watu huiita jiki. Historia yake inaanzia mwaka 1774, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipotengeneza gesi ya klorini. Baada ya miaka kumi hivi, Claude Louis Berthollet wa Ufaransa aliona kwamba gesi hiyo hupausha vitambaa, na maji yake yakaanza kutengenezwa Javel, karibu na Paris. Haipokloraiti huvunja vizuri rangi za kutiwa, kama wino au chai iliyomwagika, na huua ukungu. Lakini rangi ya asili ya mvule au mninga huigusa kidogo tu, na ikizidi hulegeza nyuzi za ubao.

(b) Asidi oksaliki. Jina lake limetokana na jamii ya mimea iitwayo Oxalis, na chumvi zake zimo hata katika mchicha tunaokula. Asidi hii haivunji rangi ya ubao. Kazi yake ni kumshika chuma. Huizunguka ayoni ya chuma na kuitoa katika tanini, na kufanya kitu kinachoyeyuka majini chenye rangi hafifu, ambacho huoshwa kikatoka. Kwa hiyo ndiyo dawa ya madoa meusi ya misumari na maji. Gramu 60 hivi katika lita moja ya maji ya vuguvugu hutosha. Msomaji asidanganywe na mchicha: asidi oksaliki ya dukani ni sumu. Ikimezwa hushika kalisi ya damu na kuharibu figo, na vumbi lake huunguza pua na koo.

(c) Haidrojeni peroksaidi. Iligunduliwa na Louis Jacques Thénard wa Ufaransa mwaka 1818. Fomula yake ni H₂O₂, yaani maji yenye atomu moja zaidi ya oksijeni. Hii ndiyo inayoweza kupausha rangi ya asili ya ubao, lakini ikiwa peke yake hufanya kazi polepole. Inahitaji alkali, kwa kawaida sodiamu haidroksaidi, ile kostiki soda itengenezayo sabuni. Alkali hunyang'anya peroksaidi haidrojeni moja:

H₂O₂ + OH⁻ → HOO⁻ + H₂O

Ni ayoni hii HOO⁻ inayoshambulia mfululizo wa viungo maradufu na kuukata. Ndiyo sababu dawa ya kitaalamu ya kupaushia mbao huuzwa katika chupa mbili, moja ya alkali na moja ya peroksaidi, wala haiuzwi ikiwa imekwisha kuchanganywa. Zikichanganywa mapema chupani, peroksaidi huvunjika yenyewe:

2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Gesi ya oksijeni hujaa, joto hupanda, na chupa iliyofungwa hupasuka. Kutu, shaba na manganizi huharakisha mvunjiko huo, na kwa hiyo dawa hii haiwekwi kamwe katika chombo cha chuma.

Hesabu ya "volyumu"

Mwanafunzi aliyepita katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo ameona chupa zilizoandikwa volyumu 20, 30 au 40, ambazo wasusi hutumia kubadili rangi ya nywele. Neno hilo lina maana kamili ya kikemia: lita moja ya dawa ya volyumu 20 ikivunjika yote hutoa lita 20 za oksijeni. Hebu tuhakikishe.

Dawa yenye gramu 6 za H₂O₂ katika kila mililita 100 ina gramu 60 katika lita moja. Uzito wa moli moja ya H₂O₂ ni gramu 34. Kwa hiyo tuna 60 ÷ 34 = moli 1.76. Kwa mujibu wa mlinganyo, moli mbili za peroksaidi hutoa moli moja ya oksijeni, yaani tunapata moli 0.88. Moli moja ya gesi katika nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida huchukua lita 22.4. Basi 0.88 × 22.4 = lita 19.7, ambazo ni karibu 20. Dawa ya majeraha ya asilimia 3 ni volyumu 10. Dawa ya mafundi wa mbao, ya asilimia 30 hivi, ni volyumu 100. Yaani ndani ya chupa moja ya lita zimejificha lita 100 za oksijeni. Anayeibeba chini ya kiti cha bajaji juani, kizibo kikiwa kimekazwa, na ajue anachobeba.

Jinsi fundi stadi afanyavyo

Kwanza, fundi huutambua mti na kujaribu dawa mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kabati. Husubiri hadi pakauke kabisa, kwani ubao mbichi hudanganya jicho.

Pili, huondoa vanishi na nta yote na kupiga msasa. Hapa tukumbuke kwamba neno msasa ni jina la mti ambao majani yake yana ukwaru, na mafundi wa kale walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani kuja. Vanishi ikibaki, dawa haitapenya, na sakafu itakuwa na mabaka.

Tatu, huzamisha au kung'oa misumari inayojitokeza, na kuondoa madoa ya chuma kwa asidi oksaliki. Kisha huosha mara kadhaa kwa maji safi, kwani asidi ikibaki itaizima alkali ya hatua inayofuata.

Nne, hufungua madirisha yote. Huvaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kinga, viatu vya mpira na nguo za mikono mirefu. Peroksaidi kali huifanya ngozi iwe nyeupe na kuunguza. Kostiki soda hugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, na jicho likipatwa laweza kupofuka. Ndoo ya maji safi huwekwa karibu kabla ya kizibo cha kwanza kufunguliwa.

Tano, hupaka alkali kwa brashi ya nyuzi za plastiki, kisha peroksaidi, kwa vipimo na muda ulioandikwa na mtengenezaji. Hufanya ubao mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wake, wala haachi katikati, kwa sababu mpaka wa dawa huonekana daima.

Sita, huzima alkali iliyobaki kwa siki iliyopunguzwa kwa maji:

NaOH + CH₃COOH → CH₃COONa + H₂O

Kisha huosha kwa maji kidogo kidogo, kwani maji mengi huvimbisha mbao na kuzipinda.

Saba, husubiri. Dar es Salaam ni mji wa pwani. Hewa yake ina unyevu mwingi, na ubao ulio katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hautashuka chini ya asilimia 15 hivi ya maji hata ukingojewa mwezi mzima. Siku mbili hadi nne zenye upepo ndizo za chini kabisa. Vanishi ikipakwa juu ya ubao mbichi itabanduka.

Nane, hupiga msasa laini kwa mkono mwepesi, kwani maji huinua nyuzi za ubao. Akizidisha, ataondoa tabaka jembamba lililopauka na kuufunua weusi wa chini. Vumbi hilo lina mabaki ya dawa, na barakoa ni lazima.

Jibu la swali la mzee

Sasa turudi katika ndoo ya mafundi wetu. Haipokloraiti hukaa salama katika maji yenye alkali. Asidi ya kusafishia vigae mara nyingi ni asidi haidrokloriki. Zikikutana hutokea hivi:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Ile Cl₂ ni klorini, gesi ya manjano yenye ukijani, ambayo mwaka 1915 ilitumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ikifika mapafuni huyeyuka katika unyevu wake na kufanya asidi pale pale.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba fundi alitumia lita moja ya dawa yenye gramu 35 za haipokloraiti. Moli moja ni gramu 74.5, kwa hiyo ana moli 0.47, nazo hutoa moli 0.47 za klorini. Katika joto la nyuzi 27, moli moja ya gesi huchukua karibu lita 24.6, tunapata lita 11.6 za klorini. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Gawanya 11.6 kwa 48,000, utapata karibu sehemu 240 za klorini katika kila milioni za hewa. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu sehemu 10 kwa milioni kuwa ni hatari ya papo hapo kwa maisha na afya. Hata kama nusu ya gesi ilibaki ndani ya maji, mafundi walikuwa katika hewa yenye zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho.

Liko jambo jingine. Moli moja ya klorini ni gramu 71. Ya hewa ni karibu gramu 29. Klorini ni nzito kuliko hewa kwa mara mbili na nusu hivi, kwa hiyo hutambaa chini. Na anayesugua sakafu hupiga magoti, uso wake ukiwa nusu mita kutoka mbaoni. Alikuwa ameinamia pale pale gesi ilipojikusanya, na madirisha yamefungwa.

Kwa hiyo jibu la swali la mzee ni hili: dawa hazijumlishwi kama mashoka mawili yanavyojumlishwa katika kuangusha mti mmoja. Zikikutana hazibaki zilivyokuwa. Huzaa kitu cha tatu ambacho hakikuandikwa katika chupa yoyote. Kwa kanuni hiyo hiyo, haipokloraiti isikutane na amonia, wala siki, wala maji ya ndimu, wala asidi oksaliki. Nchini Tanzania iko Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini sheria haiwezi kukaa ndani ya kila ndoo. Elimu inaweza.

Je, ni lazima sakafu iwe nyeupe?

Baada ya mafundi kupona, rafiki yangu aliniomba nimfanyie kazi ile "kwa njia ya kisayansi". Tulianza kwa kuuliza shida ilikuwa nini hasa. Shida ilikuwa upungufu wa mwanga, wala si rangi ya sakafu. Tuchukulie kwamba sakafu nyeusi hurudisha sehemu 10 kwa 100 za mwanga uiangukiao, na ikipaushwa itarudisha 30. Hiyo ni mara tatu, na ni faida ya kweli. Lakini mwanga huo hauna budi kugonga kuta na dari ndipo ufike kwenye daftari la mtoto. Na dari ya nyumba ile ilikuwa imefanywa kahawia na moshi wa miaka mingi. Kila mwanga uliotoka sakafuni ungeishia huko.

Basi tulifanya mambo matatu. Tulipaka dari na kuta chokaa nyeupe. Tuliosha vioo vya madirisha vilivyokuwa na tabaka la vumbi na mafuta. Na sakafu tuliiondolea vanishi ya zamani, tukatibu madoa meusi ya misumari kwa asidi oksaliki, madirisha yakiwa wazi, tukaosha, tukaacha siku nne, kisha tukapaka nta isiyo na rangi. Mvule ukarudi katika rangi yake ya kahawia ya dhahabu. Peroksaidi haikufunguliwa. Yule mzee fundi ndiye aliyeisimamia kazi, naye alipomaliza akasema: "Kumbe tulikuwa tukiichubua bure."

Sisemi kwamba kupausha ni kosa. Sakafu ya msonobari iliyogeuka manjano, au ubao mpya unaotakiwa ufanane na wa zamani, ni kazi halali ya peroksaidi katika mkono wa mtaalamu. Lakini ubao mkongwe hauna unene usiokwisha. Kila msasa huula, na rangi iliyovunjwa hairudi. Nyumba za zamani zinazidi kupungua jijini. Boma la Kale la pale bandarini, lililojengwa katika miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid, limehifadhiwa na leo ni kituo cha urithi wa usanifu majengo. Makazi ya kawaida yaliyo juu ya maduka hayana mlinzi ila wakazi wake.

Majaribio ya darasani

Jaribio la 1: Wino wa sakafu. Loweka misumari yenye kutu katika siki kwa siku mbili. Chemsha chai kali ya rangi, bila maziwa, uiache ipoe. Tia matone machache ya siki ile katika chai: itakuwa nyeusi. Gawa katika glasi mbili, na katika moja ongeza maji ya ndimu kidogo kidogo. Weusi utapungua, kwani asidi ya ndimu, kama oksaliki, humshika chuma. Mimina kimiminika hicho, kisinywewe.

Jaribio la 2: Nguvu ya alkali. Chukua vipande vinne vyembamba vya mbao ya aina moja. Weka kimoja katika maji, cha pili katika maji yenye magadi kidogo, cha tatu katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, na cha nne katika peroksaidi hiyo hiyo yenye magadi kidogo. Tumia glasi zilizo wazi, wala usizifunike kwa kukaza. Acha siku moja, osha, kausha kivulini na ulinganishe. Rudia kwa msonobari na kwa mninga. Mwalimu asiruhusu peroksaidi yenye nguvu kuliko hiyo, na wanafunzi wavae miwani.

Maswali

1. Kwa nini jaribio la pili linahitaji kipande kilichowekwa katika maji yenye magadi bila peroksaidi?

2. Dawa ya haidrojeni peroksaidi ina gramu 9 katika mililita 100. Ni ya volyumu ngapi?

3. Fundi amepaka asidi oksaliki na hakuosha. Kisha amepaka kostiki soda na peroksaidi. Eleza, kwa mlinganyo, kwa nini sakafu haikupauka.

4. Chumba kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ni moli ngapi za klorini zitakazotosha kufikisha sehemu 10 kwa milioni katika joto la nyuzi 27? Linganisha jibu lako na kiasi cha haipokloraiti kilicho katika kikombe kimoja cha dawa ya nguo.

Mwanafunzi atakayelifanya swali la nne kwa uangalifu ataona kwamba kikombe kimoja kinatosha na kusaza. Akishaona hivyo, na apeleke hesabu yake nyumbani na kumsomea yule anayesafisha choo na sakafu.